Miaka Kumi na Tisa ya Kujipa Mbili

Vijana wa klabu, na nyinyi mtakaojiunga mwakani mkidhani ni mahali pa kula mandazi ya bure, ketini. Mwalimu Achieng ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi niliyofanya, ziwekwe kwenye kile kitabu chenu kidogo cha wanachama wapya. Nilimwambia mimi si mtu wa kuandika. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na hata huko insha zangu zilikuwa zinarudi nyekundu kama zimechinjwa. Akasema, "Mzee Kioko, andika tu vile unavyoongea." Hilo sasa ni kosa lake, si langu.

Mimi nimestaafu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mhudumu katika makao ya wazee huko Missouri City, karibu na Houston. Kuosha, kulisha, kuvalisha, kugeuza, kubadilisha shuka, kisha unaanza tena kuosha. Siku hizi kazi yangu ni kukaa. Nina kochi langu hapa Alief ambalo limeshachukua umbo langu, hata nikiinuka unaona nimebaki. Safari yangu ndefu ni kwenda kwenye sanduku la barua, na nikimwona jirani yuko nje narudi ndani hadi apite. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba sikuja kwenye klabu yenu kwa mapenzi. Nililetwa.

Aliyenileta ni mke wangu, Mama Mutheu. Yeye ni nesi na bado anafanya kazi, na hakuna kitu kinachomkera kama kurudi nyumbani akakuta mtu hajasogea. Alikutana na Mwalimu Achieng kanisani. Mwalimu akamweleza shida yake: shule ilikuwa na klabu ya Kiswahili yenye watoto saba, na klabu ya kazi za afya yenye watoto tisa, na shule ikasema klabu ndogo namna hiyo zitafungwa. Mwalimu akaziunganisha. Nusu saa salamu na mazungumzo, nusu saa kupima presha, mandazi katikati. Alichokosa ni mtu mzima anayejua Kiswahili na anayejua pia kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumvunja.

"Niko naye mmoja nyumbani," mke wangu akasema. "Hatumiki."

Alhamisi ya kwanza nilifika darasani jasho likinitoka. Nikafungua mlango. Mbele yangu, kitandani, kuna mtu amelala chali, mdomo wazi, rangi imemtoka, na watoto wamesimama wanamtazama tu, wengine wanatafuna. Wanangu, niliangusha mfuko. Nilimfikia kwa hatua tatu. Nilimshika mkono, baridi. Nikamwinamia sikioni nikaita kwa sauti ya kazini, "Bwana, unanisikia?"

Lilikuwa sanamu la plastiki la kufundishia.

Karibu darasa zima lilianguka kwa kicheko. Wanjiru, yule msichana wa Kikuyu ambaye mdomo wake hauna breki, alikuwa tayari ameshanirekodi kwenye simu. "Mzee, amekuskia? Amesema nini?" Linh, ambaye wazazi wake ni Wavietnamu na anayesema "shikamoo" vizuri kuliko binti zangu wote wawili, aliniletea maji ya kunywa. Alidhani nimepata kiharusi.

Kuna mwingine mmoja ambaye hakucheka. Alikuja polepole upande wa pili wa kitanda, akaona jinsi nilivyolivuruga sanamu, akaliinua kwa mabega, si kwa shingo, mkono wake wote ukiwa chini, akaweka mto sawa, akalilaza tena. Nikasahau aibu yangu. Watu wazima nimewaona wakifundishwa wiki mbili kuinua mabega badala ya shingo na bado wanavuta shingo kama wanang'oa mhogo.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna mutu, Papa," akasema. "Ni juu ya koko yangu tu."

Huyo alikuwa Furaha. Papa kwao ni baba, na koko ni bibi yake, mama wa mama yake, aliyepooza upande mmoja. Walikuja Texas kutoka kambi ya wakimbizi Furaha akiwa na miaka tisa, na asili yao ni Kivu. Siku za shule kuna jirani anayekaa na bibi, na saa nyingine zote ni Furaha, kwa sababu mama yake yuko kwenye bohari anapanga maboksi. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho shuleni.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo kila kitu kinaposimama. Yale makao niliyofanyia kazi yalikuwa yamekubaliana na shule yenu yachukue wanafunzi sita, yawafundishe kazi ya uhudumu hadi wapate cheti, na wakimaliza shule waajiriwe huku wakiendelea na masomo ya unesi. Nafasi sita, na waombaji walikuwa zaidi ya thelathini kutoka klabu zote. Kila mmoja angefanyiwa mahojiano. Mama Furaha alikuwa amemwambia binti yake waziwazi: ukipata, nenda, usipopata, wiki ya kwanza baada ya kumaliza shule unakuja na mimi bohari. Si kwa ubaya. Mgongo wa yule mama ulikuwa umeanza kukataa maboksi, na mtu alitakiwa kushika nafasi yake.

Na aliyepewa kazi ya kuwaandaa watoto wa klabu yetu kwa mahojiano hayo alikuwa mimi.

Niliwafundisha hivi, na ninaandika nikiwa nimeinamisha uso. Ingia polepole. Kaa kwenye ukingo wa kiti, usiegemee kana kwamba uko kwenu. Mkubwa akikuuliza swali, tazama meza. Ukiulizwa unajua nini, sema unajua kidogo, ila uko tayari kufundishwa. Ukisifiwa, kataa. Ukisifiwa tena, kataa tena.

Wanjiru aliinua mkono. "Mzee, kwani hii ni intavyuu ama tunaenda kuomba msamaha?"

Nikamwambia anyamaze, ajifunze heshima. Wengine wote walinifuata, na Furaha ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Alikuwa anatazama meza hadi nikaona meza itaona haya.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, muone hekima hii niliitoa wapi. Mwaka wangu wa kwanza makaoni nilimhudumia mzee mmoja aliyekuwa rubani. Binti yake alikuja kutoka Carrollton, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari, akamkuta baba yake amenyolewa, kucha zimekatwa, shati limepigwa pasi, anacheka. Yule mama akanishika mikono yote miwili. "Asante kwa yote uliyomfanyia baba yangu." Na mimi, kijana wa Machakos niliyelelewa vizuri, nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, "Hapana, mimi sikufanya kitu chochote."

Akaenda ofisini moja kwa moja. Akauliza kwa nini kuna mhudumu anayekiri mwenyewe kwamba hamfanyii baba yake kitu chochote.

Niliitwa. Nilisimama mbele ya meza ya mkubwa wa ofisi, sijui nianzie wapi. Aliyeniokoa ni Bi. Lorraine, mhudumu wa siku nyingi kutoka Louisiana, mwanamke mkubwa mwenye viatu vyeupe na miguu iliyokuwa inamuuma tangu sijazaliwa. Alinitoa pale, akanipeleka kwenye kabati la mashuka, akafunga mlango. Akasema (nawaandikia kwa Kiswahili, ila chake kilikuwa Kiingereza kinachovutika kama chingamu): "Mwanangu, hapa mtu akikwambia asante, sema karibu. Na zamu ikiisha, usiniambie ulijisikiaje, hayo peleka kanisani. Niambie mambo matatu. Umekuta nini. Umefanya nini. Umeacha nini."

Hiyo ndiyo ripoti ya kukabidhiana zamu, na mkiniuliza ni kitu gani kikubwa nilichojifunza katika kazi, ni hicho. Umekuta nini, umefanya nini, umeacha nini. Siku hizo tuliisema kwa mdomo, tumesimama mlangoni mwa kila chumba. Baadaye zikaja karatasi, kisha vikaja vile vioo vya kubonyeza ukutani, na nikabonyeza vibaya siku moja nikaandikisha kwamba bibi wa chumba cha nne, aliyekuwa na miaka tisini, ametembea kilomita kumi. Daktari alikuja mwenyewe kumwona.

Bi. Lorraine alinifundisha mengine pia. Kitambaa cha kuoshea kijaribu joto kwenye upande wa ndani wa mkono wako, si kwenye kiganja, kiganja chako kimeshazoea. Kengele ya kuita iweke mkononi mwa mgonjwa. Ukiiweka mezani umemwekea pambo. Mwambie unachotaka kumfanyia kabla hujamgusa, hata kama unadhani hasikii. Yote nilishika. Hilo la kusema "karibu" nililishika kwa kinywa tu. Moyoni nilibaki yuleyule. Mtu hajitaji. Watu watamwona.

Sasa turudi darasani. Wiki mbili kabla ya mahojiano yenyewe, Mwalimu Achieng alipanga mahojiano ya mazoezi, akamwalika aje kuuliza maswali mtu wa makao yenyewe. Akaingia Bi. Denise. Nilishtuka kumwona, kwa furaha lakini. Alikuwa nesi mkuu wangu kwa miaka kumi na minne. Alinikumbatia mbele ya watoto, nikasikia Wanjiru nyuma yangu, "Ati hata Mzee ana mashabiki."

Furaha aliitwa wa tatu. Akaingia polepole. Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Nikajisikia kama baba harusini.

"Kwa nini unataka kazi hii?" Bi. Denise akauliza.

"Nitajaribu," Furaha akaiambia meza.

"Umewahi kumhudumia mtu mgonjwa?"

"Kidogo tu. Nyumbani tunasaidiana."

"Una uwezo gani ambao wengine hawana?"

Akaiambia meza tena, kwa sauti ndogo, "Hakuna."

Nilikuwa naitikia kwa kichwa, nimeridhika. Ndio, wanangu, nilikuwa naridhika! Kisha Mwalimu akasoma alama. Moja hadi tano. Linh nne. Wanjiru tano, ambaye aliingia kama anakuja kununua jengo. Furaha, moja.

Furaha hakulia. Alikunja karatasi ya alama zake mara nne, akaitia kwenye kiatu. Sijawahi kujua kwa nini kwenye kiatu. Bi. Denise alisema kwa upole, "Mtoto mzuri, lakini sina kitu cha kuandika. Amenipa ukurasa mtupu. Nani aliwaandaa hawa?"

Watoto wote kumi na sita waliniangalia. Klabu ya lugha, na hakuna aliyehitaji kusema neno.

Nilimfuata Bi. Denise hadi kwenye maegesho ya magari. Jua la Houston lilikuwa linachoma lami, hata viatu vinanata. Nikamwambia, "Bi. Denise, yule msichana ni bora kuliko wote. Alikuwa anaonyesha heshima. Nilidhani utaona."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango wa gari. "Kioko," akasema, "ngoja nikuulize kitu ambacho nimetaka kukuuliza miaka mingi. Kwa nini ulikuwa unajipa mbili?"

Hapo lazima niwaeleze. Kila mwisho wa mwaka kazini tulikuwa tunapewa fomu. Unajipima mwenyewe kwa kila jambo, moja hadi tano, unatia sahihi, unarudisha. Mimi nilikuwa najipa mbili. Mwaka nikiwa nimejisikia vizuri sana, tatu, halafu naifuta.

"Nilikuwa nasubiri wewe uongeze," nikamwambia.

"Niongeze nini?"

"Alama. Mimi naandika mbili, wewe unaona, unasema, hapana bwana, Kioko ni tano. Ndivyo inavyofanyika."

"Kioko." Aliondoa mkono kwenye mlango. "Ile fomu inaenda ofisini kama ilivyo. Mimi sina ruhusa ya kuigusa. Kila mwaka nilipeleka jina lako uwe kiongozi wa zamu, uwafundishe wageni. Kila mwaka ofisi inaniuliza, mbona mwenyewe anasema hawezi? Mwishowe nikadhani unaniambia kwa adabu kwamba hutaki. Nikaacha kukusumbua."

Wanangu, nimeona watu wakifa. Nimekuwa peke yangu chumbani na mtu akivuta pumzi ya mwisho, na nikajua la kufanya. Pale kwenye maegesho niliegemea gari la mtu nisiyemjua. Kitu kimoja tu nilichowahi kukitaka kwenye ile kazi ni kufundisha wageni. Viongozi wangu watatu wa zamu nilikuwa nimewaonyesha mimi mwenyewe jinsi ya kutandika kitanda mtu akiwa ndani yake, kisha nikawaona wakipanda, nikasema, sawa, siku yangu itakuja, wananiona. Kumbe walikuwa wananiona. Wanasoma nilichoandika, kwa mwandiko wangu, na sahihi yangu chini.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kochi. Hata kochi lilinishangaa. Mama Mutheu akaja na chai, nikamsimulia.

"Mbili?" akasema. "Kila mwaka?"

"Wewe ulikuwa unajipa ngapi?"

"Tano. Nesi gani anajipa mbili? Unataka wafunge hospitali?" Alianza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Aliketi kwenye mkono wa kochi, mahali anapokatazaga wajukuu kukaa. "Baba Mutheu, tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo. Mbona hukuniuliza?"

Nikamwomba sukari. Na kilichonitia hofu zaidi si hiyo miaka yangu, hiyo imeshapita na haigeuki. Ni kwamba nilikuwa nimeichukua mbili yangu nikampa mtoto wa watu, tena nimemfundisha vizuri sana hata akapata moja.

Jumamosi nilifanya kitu ambacho familia yangu bado inakizungumzia: nilitoka nyumbani bila kusukumwa. Nikaendesha gari hadi kwa kina Furaha, dakika saba, nikiwa nimefanya mazoezi ya kuomba radhi njia nzima. Furaha akanifungulia. Koko alikuwa kitandani karibu na dirisha, nywele zimesukwa, shuka limenyooka. Mimi macho yangu hayajastaafu. Nilitazama visigino, viwiko, mgongo wa chini. Miaka mitatu kitandani na hakuna kidonda hata kimoja. Kuna makao yenye mashine za maelfu ambayo hayawezi kusema hivyo.

Kabla sijaanza kuomba radhi, mlango ukafunguka. Mama Furaha ametoka bohari, amechoka, kofia bado kichwani. "Karibu, Papa. Ikala pa kiti. Umekula?" Na kabla mtu hajajibu, Furaha alisimama mbele ya mama yake akasema, akimtazama usoni:

"Mama, koko amekula uji yote. Nimemugeuza upande wa kushoto saa nane, saa kumi umulalishe kuume. Asubuhi kisigino kilikuwa chekundu kidogo, nikaweka mto chini ya muguu, sasa hakina kitu. Maji amekunywa glasi mbili. Alilia kidogo, nikamufungulia nyimbo za kanisa, akanyamaza."

"Bon, ni muzuri," mama akasema, akavua kofia.

Nilikuwa nimesimama kwenye sebule ya watu Alief lakini nilikuwa nasikia viatu vyeupe vya Bi. Lorraine. Umekuta nini, umefanya nini, umeacha nini.

"Furaha, nani amekufundisha kutoa ripoti?"

"Ripoti gani? Namuambia Mama tu."

"Je, hapo ulikuwa unajisifu?"

Alishtuka kama nimemtukana. "Hapana, Papa! Ni vile koko alishinda."

Mama yake akaingilia, "Kwetu mutoto hajisifu, Papa. Ni batu ndjo banamusifu."

"Hata kwetu, Mama," nikasema. "Na angalia nilipofika." Nikawasimulia ile habari ya fomu, yote, bila kupunguza. Mama Furaha aliweka mkono kinywani. Koko, ambaye nilidhani amelala, alicheka kwa upande wake mmoja mzima.

Kisha nikamwambia Furaha: "Wakikuuliza unaweza nini, usijieleze wewe. Waache wewe kabisa. Toa ripoti ya koko."

"Na macho? Ulisema nitazame meza."

"Hapa ulimtazama nani?"

"Mama."

"Kwa nini?"

"Si ni yeye anabaki na koko. Nikitazama chini, nitajuaje kama amesikia?"

"Basi mtazame Bi. Denise kama ndiye anabaki na koko."

Tulifanya mazoezi Alhamisi mbili, na sanamu la plastiki likawa koko. Wanjiru alijitolea kuwa mkali kuliko ofisi yoyote. "Eti kisigino! Kisigino kilikuwa vipi? Wacha kuniangalia viatu!" Linh aliandika maneno ya Kiingereza ya kila kitu cha mwili kwenye vikaratasi akavibandika kwenye sanamu, kwa Kiswahili upande wa pili. Nadhani siku hiyo ndiyo shule ilipata ilichokuwa inataka ilipoanzisha hizo klabu zake.

Siku yenyewe wasindikizaji hatukuruhusiwa ndani. Nilikaa garini na Mama Furaha, ambaye aliomba ruhusa bohari. Alikuwa ameshika kofia yake ya kazi magotini, anaizungusha. Robo saa. Nusu saa. Wengine walikuwa wanatoka baada ya dakika kumi. Nikaanza kuhesabu makosa yangu upya.

Mlango ukafunguka, Furaha akatoka na Bi. Denise nyuma yake. Bi. Denise alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu. "Alianza kuniambia habari za bibi yake," akasema, "na mimi nikasahau kabisa kwamba namhoji. Nikajikuta namuuliza, 'Na kisigino sasa kikoje?'"

Hakutakiwa kutuambia zaidi, na hakutuambia. Barua ilikuja baada ya siku tisa. Mama Furaha hakumpigia mtu simu. Alikuja kwangu mwenyewe, akasimama mlangoni, akanipa ile kofia ya bohari niitazame, kisha akaitia kwenye pipa langu la takataka. Bado anafanya kazi huko, alinunua nyingine wiki hiyohiyo. Lakini ile, alisema, alikuwa ameiwekea binti yake.

Mngependa nimalizie hapo. Hata mimi ningependa. Lakini Jumapili iliyopita, miezi mitatu tangu aanze makaoni, Furaha alikuja kula kwetu na karatasi mkononi. "Papa Kioko, ile fomu imefika, hata sisi wanafunzi tunajaza."

Nilisoma kwa kuikodolea macho. Tano. Tano. Tano. Chini ya kila tano, mstari mmoja: nilikuta hivi, nilifanya hivi, niliacha hivi. Palikuwa na nne moja, na chini yake ameandika kwamba kuna siku aliacha kengele mezani badala ya kuiweka mkononi. Wanangu, baada ya yote hayo, bado nilitaka kumwambia apunguze kidogo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Niliujaza chapati.

Yeye alikuwa amesimama mbele ya friji yangu. Pale nilikuwa nimebandika fomu nyingine, ya Mwalimu Achieng, ambayo kila mtu mzima anayejitolea kwenye klabu anatakiwa ajipime mwishoni mwa mwaka.

"Papa," akasema polepole. "Mbili?"

"Ni penseli tu."

"Aki wewe!" Mama Mutheu akapiga kelele kutoka jikoni.

Furaha aliichomoa, akavuta kiti mbele ya kochi, akakaa akinitazama usoni. "Nipe ripoti. Ulikuta nini?"

"Nilikuta msichana anayejua kazi."

"Ulifanya nini?"

"Nilimfundisha vibaya wiki nne. Kisha nikamwambia nimekosea, nikamfundisha upya."

"Umeacha nini?"

Hapo nilitazama meza. Akagonga meza kwa kidole hadi nikainua macho.

"Nimemwacha ameketi," nikasema, "haniogopi, anakula chapati zangu."

Alifuta ile mbili, akanipa kalamu. Nikaandika nne. Alisubiri, akidhani nitaendelea.

"Kwa nini si tano?"

"Kwa sababu ya zile wiki nne."

Akaitikia kwa kichwa, akairudisha fomu kwenye friji. Iko pale hadi sasa ninapoandika. Nne, wanangu. Kwa wino.